Tulikwenda Shelisheli kupumzika

Baba Neema alikisoma kibao kile mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili alichuchumaa, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akausoma polepole huku midomo ikimcheza.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nilikuwa nimepiga picha ya miti mikubwa iliyopandwa safu mbili, nikapiga ya misingi ya mawe iliyoota kuvu, nikapiga na ya upande wa magharibi wa kisiwa unavyoonekana kutoka kule juu, milima ya kijani ikishuka hadi baharini. Ukungu ulikuwa unapanda. Nilitaka turudi hotelini kabla mvua haijatukuta.

"Mama Neema, umeuona mwaka?"

Nikatazama. 1876.

"Nimeuona."

"Hujauona," akasema. Hakunena tena neno hadi tulipofika chini.

Pesa ya kikoba

Safari hii ilikuwa yetu wawili tu. Watoto walibaki kwa mama yangu Kigamboni. Pesa ilitoka kwenye kikoba changu kilipovunjwa mwezi wa kumi na mbili, tukaongezea na akiba yake, baada ya kupanga na kuahirisha mwaka hadi mwaka. Kazini waliniuliza kwa nini nisiende Zanzibar, boti iko pale pale. Zanzibar nina mashangazi wawili na binamu wasiohesabika. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua, nisipikie mtu, nisipokee simu ya mtu.

Na ni pazuri. Sitaki yatakayofuata yafunike hilo. Visiwa vikubwa vya Shelisheli si vya matumbawe kama vyetu, ni vya itale, mwamba wenye umri wa takribani miaka milioni 750, na majabali yake yamelainishwa na maji hadi unatamani kuyapapasa. Mitondoo imeinamia mchanga kiasi kwamba kivuli kinafika majini. Siku ya kwanza nililala chini ya mmoja wapo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na niliposhtuka sikukumbuka mara ya mwisho nilipolala mchana bila kuumwa.

Bei nayo ilikuwa ya kutisha. Usiku mmoja wa chumba chetu ulizidi ada ya Neema ya muhula mzima. Teksi ya mwendo mfupi tu ilimeza pesa ambayo huku kwetu ingenipeleka Morogoro na kunirudisha. Unaelewa sababu ukiangalia: nchi ya watu wapatao laki moja, iliyo peke yake katikati ya bahari, mchele unaletwa kwa meli, kitunguu kinaletwa kwa meli, unga wa ngano vilevile. Kabla uwanja wao wa ndege haujafunguliwa mwaka 1971, hata wageni walikuja kwa meli, na njia ya kawaida ilikuwa Mombasa.

Sokoni Victoria, mji mkuu wao, tulinunua chakula cha kufungashiwa. Pweza wa nazi, wali, na tunda la shelisheli la kukaanga. Pweza alikuwa laini, tui zito, na ndani yake nikakuta jani la mdalasini, mti unaojiotea wenyewe kila mahali kwenye milima ya Mahé, kisiwa chao kikuu. Ukiliondoa lile jani, ungeweza kuniambia nimekula Tanga.

Hapo ndipo ningepaswa kuanza kujiuliza maswali. Sikujiuliza. Nilikula.

Juu, Sans Souci

Dereva wetu alikuwa mzee wa rika la baba yangu mdogo. Alipojua tunatoka Tanzania alichangamka, akataja askari wetu waliokuwa nchini kwao baada ya mapinduzi ya 1977, yale yaliyomwondoa Rais James Mancham na kumweka France-Albert René. Yeye alikuwa kijana. Askari mmoja, alisema, alimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, na pale pale kwenye usukani akahesabu moja hadi nane, akakwama, akacheka.

"Watalii nawapandisha Sans Souci wakaone mandhari," akasema. "Nyinyi nawapeleka mkaone watu wenu."

Nilidhani ni maneno ya kutafuta wateja.

Mahali penyewe panaitwa Mission Lodge. Zamani paliitwa Venn's Town. Utumwa ulikomeshwa Shelisheli mwaka 1835, na wenye mashamba wakabaki wanalia hawana wa kuwafanyia kazi. Kisha, kuanzia 1861, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu zikaanza kushusha Mahé watu waliowakomboa. Kwa miaka ile walishushwa zaidi ya 2,000. Wengi walikuwa wamekamatwa bara, nyuma ya Kilwa na pwani ya Msumbiji: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Walishuka wakiambiwa wako huru, wakaandikishwa mikataba, wakagawiwa kwenye mashamba ya minazi.

Kurudishwa kwao hakukuwa kwenye mpango. Jahazi lilikamatwa baharini, na ukimrudisha mtu Kilwa atakamatwa tena kesho. Hiyo ndiyo hoja iliyotolewa, na ina ukweli ndani yake. Lakini mtoto wa miaka saba anayeshushwa kwenye kisiwa asichokijua, mama yake akiwa hai mahali fulani ng'ambo ya Ruvuma, hoja hiyo inamsaidia nini?

Kwa ajili ya watoto wale, wamisionari wa Church Missionary Society walijenga shule kule mlimani. Watoto walilala pale, wakasoma pale, wakalima pale. Wengine wakazikwa pale. Shule ilianza 1876 na ikafungwa 1889. Kilichobaki ni misingi ya mawe, ile miti ya safu mbili, na makaburi.

Dereva alisema bibi yake mzaa baba alikuwa akiambiwa kwamba ukoo wao ni "Mazanbik". Basi. Si kijiji, si kabila, si jina la mtu. Kila mtu mweusi aliyeshuka melini alikuwa Mazanbik, hata kama alitokea Masasi.

Aliposema Masasi nilimwona Baba Neema akigeuka. Mzee yule alilitaja tu, nadhani alilisikia kwa wale wanajeshi. Lakini Baba Neema ni mtoto wa Masasi.

Mwaka ule ule

Nilikuja kuelewa usiku, kwenye kibaraza cha chumba chetu, chai ikipoa.

Kila mtoto aliyekulia kanisani Masasi anaujua mwaka 1876. Ndio mwaka Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipotoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitaka kuwafikisha Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, watu wale wakaona nchi inafanana na kwao, wakaomba wakae. Wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakawavamia, wakachoma, na waliokuwa wameshatekwa mara moja maishani wengine wakatekwa mara ya pili.

Hayo yote ninayajua. Nimeyasikia kwenye mahubiri ya sikukuu, nikiwa nimekaa na wifi zangu kwenye benchi la tatu.

Nisilolijua ni hili: mama wa babu mzaa babu wa mume wangu alikuja na Askofu.

Hakuwa mwenyeji aliyewapokea, kama nilivyoaminishwa siku zote. Alikuwa miongoni mwa waliokuja. Msichana aliyekamatwa, akapelekwa pwani, akavushwa Zanzibar, akakombolewa, akalelewa na misheni, akatembea kurudi kusini kwa miguu yake. Jahazi lake lilifika Zanzibar. Jahazi jingine la msimu ule ule lingeweza kukamatwa na manowari, na msichana wa aina yake angeshushwa Mahé, akapandishwa Sans Souci, na leo kitukuu chake angekuwa anaendesha teksi na kutuambia kwao ni Mazanbik.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

"Mzee. Mara moja tu."

"Lini?"

Akanyamaza kidogo. "Wiki ile tulipoleta posa kwenu."

Baba yake alimwita, akamfungia mlango, akamweleza yote, kisha akamwambia: sasa umejua, na kule unakokwenda kuoa usiseme.

Kule unakokwenda kuoa

Kule ni kwetu. Pangani.

Ninataka kuwa mkweli kuhusu nilichohisi, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Kwanza niliona uchungu kwamba nimeishi na mtu, nimezaa naye, na jambo kubwa kiasi hiki la ukoo wa wanangu limefichwa nisilione. Niliingia ndani, nikafunga mlango wa kioo, nikalala kifudifudi juu ya mashuka yale ya gharama.

Kisha nikamfikiria baba mkwe wangu, marehemu sasa, mtu mpole niliyempenda sana. Alikuwa anaogopa nini?

Alikuwa anaogopa wajomba zangu. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Nilikuwepo wakati dada yangu mkubwa alipochumbiwa, nikasikia maswali yaliyoulizwa nyuma ya pazia: mtu wa wapi, mwana wa nani, babu yake alifikaje pale. Nilimsikia mjomba mmoja akitamka lile neno, mtumwa, kwa sauti ya chini, na posa ikarudishwa kwa kisingizio kingine. Pangani ilikuwa bandari ya misafara. Watu walipitishwa pale wakiwa wamefungwa, na baadhi ya waliokula faida ya biashara ile wana nyumba za mawe hadi leo. Lakini swali la ukoo halikuwahi kuulizwa kwa wenye nyumba hizo. Liliulizwa kwa wajukuu wa waliofungwa.

Nilifungua mlango wa kioo, nikatoka, nikakaa tena.

Hatukuzungumza sana. Alinimiminia chai iliyokuwa imeshapoa, nikanywa.

Ngoma ya hotelini

Kesho yake jioni hoteli iliandaa moutya. Ndiyo ngoma yao kubwa, watumwa waliicheza usiku kule mashambani baada ya kazi, mbali na macho ya bwana. Mwaka 1935 serikali ya kikoloni iliizuia mijini nyakati za usiku. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Sasa inachezwa karibu na bwawa la kuogelea, wageni wakiwa wanakula.

Kabla ya kuanza, kijana mmoja alikusanya makuti makavu, akawasha moto pembeni ya mchanga. Ngoma zao ni pana na nyembamba, mfano wa chekeche, zimewambwa ngozi ya mbuzi. Akaishika ngoma kwa mikono miwili, akaielekeza uso kwenye ndimi za moto, akaizungusha polepole. Kila baada ya muda aliitoa, akaigonga kwa vidole, akasikiliza, akairudisha. Ngozi ilikuwa inajikaza. Mlio ulianza mzito na uliolegea, ukapanda kidogo kidogo hadi ukawa mkavu. Akaridhika.

Baba Neema aliacha sahani yake akamfuata. Niliwaona wakiongea kwa ishara zaidi kuliko maneno. Kijana akampa ngoma. Mume wangu, mhasibu, mtu ambaye harusini hucheza kwa kunyoosha bega moja tu, aliielekeza motoni na kuizungusha bila kufundishwa, akaigonga, akasikiliza, akatikisa kichwa, akairudisha tena motoni. Kijana akampigia makofi.

Wachezaji walipoingia, wanawake na wanaume wakikabiliana, nyayo zikiburuzwa mchangani, karibu kugusana na wasigusane, nilitaka kulia na nilitaka pia kuendelea kula samaki wangu. Yote mawili kwa pamoja. Sijui mtu anatakiwa kufanya nini mahali kama pale.

Nilimwambia tulikuja kupumzika, hatukuja kuweka matanga.

"Nani amekukataza kupumzika?" akanijibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Swali hilo nimekaa nalo tangu hapo. Siku iliyofuata tulikuwa tumeshalipia boti ya kwenda Sainte Anne, kuogelea na kuangalia samaki. Ni kisiwa kile kile ambacho Wafaransa walikitua mwaka 1770, wakaanzisha makazi ya kwanza ya nchi ile, na watumwa Waafrika walikuwa miongoni mwa walioteremka. Tulikwenda. Niliogelea. Maji yalikuwa vuguvugu, samaki wa manjano wakanipitia mikononi, na nilifurahi kwa moyo wangu wote. Kwenye boti ile ile kulikuwa na familia ya Mahé, bibi, mabinti na wajukuu, wamekuja na vyakula vyao, wanapiga kelele na kurushiana maji. Kama kuna watu wenye haki ya kuiangalia bahari ile kwa huzuni ni wao, na walikuwa wanacheza.

Basi sioni tena kwamba furaha yetu ilikuwa na kasoro. Kinachonisumbua ni kingine.

Umbali

Waingereza walipotaka kumwondoa mtu asionekane tena, Shelisheli ilikuwa chaguo lao. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko baada ya kukamatwa mwaka 1899. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafia Jinja akiwa njiani, hakuiona Bunyoro. Prempeh wa Ashanti alikaa huko tangu 1900 hadi 1924. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani Zanzibar siku mbili tatu kabla ya mizinga ya 27 Agosti 1896, alikuja kukamatwa Dar es Salaam 1916, naye akapelekwa uhamishoni, Shelisheli na Saint Helena, ndipo akaruhusiwa kumalizia maisha Mombasa.

Walichaguliwa visiwa vile kwa sababu viko mbali na huwezi kutoka bila meli ya mtu.

Umbali huo huo ndio tuliouziwa sisi. Ndio ulioandikwa kwenye tangazo la hoteli nililolihifadhi kwenye simu miaka yote ile: mbali na kila kitu. Mimi niliulipia kwa hiari, nikiwa na tiketi ya kurudi.

Tangu turudi

Watu wameniuliza mambo mawili. Bei, na kama tuliona ile nazi ya Praslin yenye umbo la nyonga za mwanamke. Bei nimewatajia. Nazi tuliiona, Vallée de Mai, ndani ya msitu wa minazi mirefu ambao juani unakuwa na kivuli cha kijani, na ninawashauri waende.

Lakini la Sans Souci sikulisema kwa mtu. Nilikuwa nikilifikisha hadi kwenye ulimi, narudi. Niliposhindwa kumwambia hata mdogo wangu wa tumbo moja, ndipo nikagundua kwamba na mimi nimeshaingizwa kwenye lile agizo la mzee la usiseme, na kwamba nikinyamaza, Neema na wadogo zake watakulia ndani ya ukimya huo huo, hadi siku mmoja wao atakapoletewa au kupeleka posa.

Shelisheli ni nchi ndogo, na sidhani kwamba imemaliza maumivu yake. Ila wameweka kibao mlimani, barabarani, mahali ambapo kila dereva anapajua. Wameandika ni watoto wa nani waliolala pale. Sisi tunacho kibao Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, na watalii wanalipia kukiona. Ila ndani ya nyumba zetu, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Masasi, habari hii bado inasemwa mlango ukiwa umefungwa. Na aliyeufunga mlango si aliyetenda. Ni yule aliyetendwa.

Nimemwomba Baba Neema ruhusa ya kuandika. Alitaka siku ya kufikiri. Kesho yake akasema, andika, ila kwanza nimpigie Shangazi.

Shangazi yake ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Baba Neema alipiga simu akiwa ameiweka kwenye spika, nami nikiwa pembeni. Salamu zilichukua muda, mvua, korosho, magoti yake, mtoto wa jirani aliyefaulu. Kisha akamuuliza.

"Shikamoo tena, Shangazi. Nataka kuuliza habari za yule bibi aliyekuja na Askofu."

Kukawa kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Nani kakwambia?"

"Mzee, kabla hajafa."

"Na mkeo anajua?"

"Yuko hapa, anakusikia."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na sikujua alikuwa anamjibu yeye au ananijibu mimi ambaye sikuwa nimesema kitu. Halafu akaongeza kwamba jina la yule bibi analo, la ubatizo na lile alilokuja nalo, na jina la mto wa kwao pia analo, maana mama yake alimkaririsha akiwa mdogo. Lakini mambo hayo hayasemwi kwenye simu. Twende wote, na watoto.

Tunakwenda mwezi wa sita, shule zikifungwa.